Sanduku la Barua Penye Reli ya Kale

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, katika jimbo la Devon, iko nchi ya juu iitwayo Dartmoor. Si nchi ya mashamba. Ni nyika ya majani na vichaka, yenye upepo na mvua nyingi, na juu ya vilima vyake yamesimama majabali ya itale, lile jiwe gumu lenye chembechembe zing'aazo. Kondoo na farasi wadogo hulisha humo. Mahali pengine pana vinamasi vya kumzamisha mtu, na ukungu huja ghafula, hata msafiri asiweze kuona hatua kumi mbele yake.

Mwaka 1854 mtu mmoja wa mji mdogo wa Chagford, jina lake James Perrott, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni nyikani, aliweka chupa mahali pa mbali paitwapo Cranmere Pool. Kila aliyefika alitia kadi yenye jina lake, iwe ushuhuda kwamba alifika kweli. Na kufika kwenyewe kulikuwa kazi, maana hapakuwa na njia. Baadaye likawekwa sanduku la bati, na watu wakazoea kuacha humo barua zilizokwisha andikwa anwani. Aliyewafuata, hata baada ya siku nyingi, alizichukua barua alizozikuta, akaacha ya kwake, akazipeleka posta. Fikiri jambo hilo: barua yako yamngojea mtu usiyemjua, nayo haifiki iendako ila mtu huyo awe mwaminifu. Ndiyo asili ya jina "sanduku la barua," ijapokuwa tarishi hafiki huko kamwe.

Siku hizi masanduku hayo ni mengi, nayo hufichwa chini ya mawe. Ndani ya kila moja mna daftari na muhuri wa mpira. Mtafutaji naye huchukua daftari lake na muhuri wake. Akilipata sanduku, hupiga muhuri wake katika daftari la sanduku, na muhuri wa sanduku katika daftari lake, kisha hulirudisha palepale. Mwaka 1998 gazeti la Smithsonian la Marekani lilieleza habari hizi, na Wamarekani wengi wakaupenda mchezo huo. Huko nako wengine huficha masanduku kando ya njia za reli zilizong'olewa.

Dartmoor pia ina njia ya namna hiyo. Mwaka 1823 ilifunguliwa reli ya magari yaliyokokotwa na farasi, ili kuteremsha itale kutoka machimbo ya nyikani. Mwaka 1883 magari ya moshi yakaanza kupita katika njia hiyo, toka Yelverton mpaka Princetown, na mwaka 1956 reli ikafungwa. Chuma kiliondolewa, tuta likabaki, na sasa watu hupita kwa miguu na kwa baiskeli. Tuta hilo huzunguka kilima cha King Tor kama nyoka aliyejikunja, kwa sababu gari la moshi haliwezi kupanda mteremko mkali. Mwenye miguu aweza kukata moja kwa moja, ikiwa hana haraka ya kupumua.

Karibu na machimbo ya Swelltor, kando ya tuta, yamelala mawe 12 yaliyochongwa vizuri sana. Yalichongwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kupanua daraja la London, lakini hayakupelekwa. Daraja lenyewe liliuzwa mwaka 1968, likavunjwa, likajengwa tena Arizona katika Marekani. Daraja limevuka bahari, na mawe yaliyokusudiwa kulibeba yangali yakingoja gari.

Sasa mtu hulipataje sanduku katika nyika pana hivi? Hupewa maagizo, naye huchukua dira. Mviringo wa dira umegawanywa katika digrii 360: kaskazini ni 0, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270. Tuseme maagizo yasema: "Mnara wa kanisa 90, kilele cha kilima 180." Maana yake, ukisimama penye sanduku, mnara utauona mashariki kamili na kilele kusini kamili. Alama moja haitoshi, kwa sababu mahali pengi mnara huonekana kwenye 90. Alama ya pili ndiyo inayokuonyesha mahali pamoja tu.

Ukisimama na kuona mnara kwenye 80, basi umekwenda kusini mno. Panda kaskazini kidogo kidogo mpaka usome 90. Ukiona kilele kwenye 190, umepita mashariki, rudi magharibi. Lakini angalia sana. Mnara ukiwa umbali wa yadi 1,000, kosa la digrii moja tu lakupotosha yadi 17 na nusu, na katika yadi hizo mna mawe mengi ya kufunulia. Wala usishike kisu cha chuma karibu na dira, maana chuma huivuta sindano yake. Ukungu ukishuka hata usione mnara wala kilele, acha kutafuta. Sindano yaonyesha kaskazini hata gizani. Ifuate urudi penye tuta.

Waingereza wameweka sharti katika mchezo huu. Hairuhusiwi kuchimba shimo, wala kubomoa ukuta wa mawe, wala kuficha sanduku katika makaburi ya watu wa kale, ambayo ni mengi huko.

Zoezi. Chora kiwanja cha shule. Chagua alama mbili zinazoonekana kutoka mbali, simama mahali unapopapenda, pima digrii za kila alama, uziandike. Mpe mwenzako karatasi hiyo na dira, usimwambie neno, ukatazame atasimama wapi.