Mjane wa Bugarama na shamba la marehemu



Wengi tumesikia habari za matabaka ya India: mtu amezaliwa tabaka la chini, analima shamba la mwingine maisha yake yote, na mwanawe hurithi jembe tu. Tunasikitika. Nami nilisikitika hivyo hivyo mpaka nilipokaa matangani hapa kwetu Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu.

Marehemu alikuwa Muislamu, tulimsalia jeneza. Siku ya kugawa mali kaka zake wakasema shamba ni la ukoo, mjane ametolewa ng'ombe, harithi, mabinti wataolewa. Sisi wa msikitini tukala ubwabwa, tukanyamaza.

Maneno yale yana mizizi. Mila za urithi zilizoandikwa na Serikali katika Tangazo Na. 436 la 1963 zilimweka binti daraja la tatu, na mjane hakupewa fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Wajane wawili wa Kisukuma walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikaamua kuwa wajane hao wamevunjiwa haki.

Je, sisi Waislamu tuna udhuru gani? Suratun-Nisaa imempa mjane thumuni mume akiacha watoto, robo asipoacha, na binti nusu ya fungu la kaka yake. Hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Tena hapa penye dhahabu shamba si mahindi tu. Mgodi ukilitaka eneo, fidia hulipwa mwenye shamba. Aliyenyimwa shamba amenyimwa na fidia.

Basi tufanye hivi. Kikao cha ukoo kikikaa, imamu awepo. Muhtasari useme wazi kuwa marehemu alikuwa Muislamu, na warithi wote waandikwe, wanawake wakiwemo. Kisha msimamizi wa mirathi aombewe Mahakama ya Mwanzo, yenye mamlaka ya kusikiliza mirathi ya Kiislamu.

Mjane yule sasa analima kibarua kwenye shamba alilolifyeka na mumewe. Ana tofauti gani na yule wa India? Nami nilikuwepo, nikanyamaza.

Wabillahi tawfiq.