Kutembea na Mtu Aliyetoka Vitani: Somo Nililolipata Njia ya Pugu

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Luka 24:13-35, halafu 1 Wafalme 19:1-18. Usiruke, mimi nakusubiri hapa.

Umerudi? Haya.

Kwenye jumuiya yetu hapa Kariakoo tuna mzee mmoja ambaye wote tunamwita Afande. Ameniruhusu kusimulia, ila jina lake kasema nimwachie mwenyewe. Ana meza ndogo ya kutengeneza saa na kuchonga funguo kwenye kibaraza cha duka, hatua chache kutoka ninapouzia vitenge. Alikwenda vita ya Kagera akiwa na miaka 22.

Wengi wetu vita ile tunaijua ya kwenye mtihani tu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, yakaua na kupora. Jeshi letu likawarudisha, likaendelea mbele hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ukisoma hivyo inaonekana kama safari ya basi. Sehemu kubwa waliitembea kwa miguu, na mizigo mgongoni. Wakarudi, watu wakashangilia, wakapewa maua. Halafu? Afande anasema baada ya maua hakuna aliyemuuliza kitu.

Mimi nilikuja kuelewa kidogo tarehe 16 Februari 2011, usiku ule mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi Gongo la Mboto. Nilikuwa mdogo. Sisi tulitoka nje kuangalia mbingu inavyowaka. Yeye alikutwa chini ya kitanda, kamkumbatia mjukuu wake kwa nguvu hadi mtoto analia. Asubuhi alifungua meza yake kama kawaida. Lakini jumuiyani hakuonekana tena kwa miaka, na Misa alikuwa akisimama mlangoni, anaondoka kabla ya Komunyo.

Na usidhani hii ni habari ya wazee peke yao. Tarehe 7 Desemba 2017, kule Semuliki, mashariki ya Kongo, wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa wakiwa kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Waliorudi ni watu wa rika letu. Unapanda nao daladala.

Sasa turudi kwenye Biblia, tuanze na Eliya. Tunapenda sana ile sura ya 18, moto ukashuka, manabii wa Baali wakashindwa. Tunasahau kwamba mwisho wake ni damu: aliwachinja pale kijito cha Kishoni. Sura inayofuata huyo huyo shujaa yuko jangwani, amemwacha mtumishi wake nyuma, amelala chini ya mretemu anamwomba Mungu amtoe roho. Sisemi Biblia inamwita mgonjwa. Nasema ukimwonyesha Afande mtu yule, atamtambua.

Angalia Mungu alivyofanya. Hakumhubiria. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate wa moto na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Ndipo akapewa njia, siku arobaini hadi Horebu. Maneno makubwa yalikuja baadaye kabisa, na yalikuja kwa sauti ndogo. Sisi tunaanza na maneno. Mtu akituambia halali usiku, tunamjibu "omba sana", tunakwenda zetu.

Wale wawili wa Emau nao, kama kilomita 11 kutoka Yerusalemu. Walikuwa wametoka kuona mtu wao anauawa hadharani. Yesu alijiunga nao njiani, akaenda mwendo wao, akauliza wanazungumza nini. Alikuwa anajua! Alitaka waseme wenyewe. Walipoulizwa walisimama, nyuso zimekunjamana. Mafundisho yalikuja baada ya wao kumaliza kusimulia, na hata hivyo walimtambua mezani.

Kanisa limekuwa na watu wa namna hii tangu zamani. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alikuwa mtu wa vita. Mwaka 1521 pale Pamplona kombora lilimvunja mguu, akabaki anachechemea maisha yake yote. Mwaka uliofuata aliuacha upanga wake mbele ya altare ya Bikira Maria huko Montserrat, akawa mhujaji. Alipokuja kusimulia maisha yake alijiita hivyo tu, mhujaji. Na tangu 1958 wanajeshi wa mataifa mengi hukutana Lourdes kila mwaka kwa hija yao, wengine kwa viti vya magurudumu, na waliowahi kupigana wao kwa wao wanaandamana pamoja. Kule Marekani alikuwako Earl Shaffer, alipoteza rafiki yake kwenye Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1948 akaipita njia ya milima ya Appalachia yote, zaidi ya kilomita 3,000, ili vita imtoke mwilini. Alitembea peke yake lakini. Mimi nadhani pamoja ni bora, na nitakuambia kwa nini.

Vijana wa parokia yetu hutembea kila Kwaresima kutoka hapa Kariakoo hadi kituo cha hija Pugu, pale ambapo wamisionari Wabenediktini walishambuliwa na wengine kuuawa Januari 1889. Tunatoka alfajiri. Mwaka juzi tumekusanyika, tunapiga makelele ya kuhesabiana, nikamwona Afande anakuja na raba zake.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba mjukuu. Nani anatangulia?"

Nikamwonyesha wale kaka wawili wenye miguu mirefu. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Anayetembea polepole ndiye anakaa mbele. Mkimweka nyuma mtamuua."

Basi akatangulizwa dada mmoja mwenye pumu, sote tukafuata mwendo wake. Miaka yote tulikuwa tunafika vipande vipande, waliochoka wanamalizia na bajaji. Mwaka ule tulifika wote. Sikuwahi kufikiria kwamba hilo nalo ni Injili.

Hadi Tazara hakusema kitu. Tunasali rozari, anajibu chini chini. Tulipopita uwanja wa ndege akaanza, hivi hivi, bila kunitazama. Hapo ndipo nilipoelewa. Ukimkalisha mtu kwenye kiti, ukamkazia macho, ukamwambia "niambie yaliyokusibu", ni kama polisi. Njiani mnaangalia mbele wote wawili. Akinyamaza, si kimya cha aibu, mnatembea tu. Akilia, jasho lipo. Aliniambia juu ya mwenzake waliyekuwa wakila chombo kimoja. Mengine si ya kuandika hapa, ni yake na Mungu.

Gongo la Mboto alisimama. Sisi nasi tukasimama, watu thelathini kando ya barabara, daladala zinatupigia honi. Hakuna aliyeuliza. Kijana mmoja wa kidato cha pili, msumbufu kweli kweli siku nyingine, akampa chupa yake ya maji. Akanywa. Akasema, "Twende."

Pugu aliingia kwenye foleni ya kitubio. Nikafurahi moyoni, nikaanza hata kutunga ushuhuda. Akatoka kwenye foleni. Nilitaka kumfuata, katekista akanishika mkono: mwache. Alikwenda chini ya mwembe akalala, saa mbili nzima, mdomo wazi. Binti yake nilipomsimulia jioni alinyamaza kwanza. Akasema baba yake huwa halali mahali penye watu.

Niseme hapa jambo moja muhimu. Kutembea si badala ya hospitali. Anayesikia sauti za vita mchana, anayetaka kujidhuru, apelekwe kwa daktari wa akili, Muhimbili wapo, na wewe msindikize. Malaika wa Eliya alileta mkate, hakusema mkate ni ukosefu wa imani.

Na kuna jambo limekuwa likinizunguka kichwani tangu siku ile. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliokuwa na kambi hapa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, mizigo ya watu wengine vichwani mwao. Sisi tunanunua viatu juu ya kambi yao. Waliobaki hai walirudi vijijini kwa miguu. Sijui nani alitembea nao.

Tangu Pugu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunatoka na Afande, safari fupi tu, hadi ufukweni na kurudi. Wameongezeka wawili, mmoja ametoka Kongo, ana miaka 31. Hawazungumzi sana. Wanabishana mpira.

Mwezi wa tatu hivi, Afande alikuja dukani kwangu katikati ya wateja, akasimama kama mtu aliyetumwa.

"Padre anaungamisha saa ngapi?"

"Saa kumi, Babu."

"Utanisindikiza?"

Nikamwachia mwenzangu vitenge, tukatoka.