Kushiriki au Kuzama? Mawimbi ya Ubongo kama Kipimo cha Ushiriki katika Tiba ya Uhalisia Pepe

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza namna mawimbi ya ubongo yanavyotumiwa kupima ushiriki wa mgonjwa wa kiharusi katika tiba ya uhalisia pepe. Katika tiba hii, mgonjwa hutazama ulimwengu uliobuniwa kwa tarakilishi, akaunyoosha mkono uliodhoofika ili kudaka mpira usiokuwapo. Mwendo huo hurudiwa mara nyingi, na mchezo hutarajiwa kuondoa uchovu wa marudio.

Hata hivyo, jaribio la EVREST, lililochapishwa mwaka wa 2016, liliwagawa wagonjwa 141 katika makundi mawili. Kundi moja lilitumia mchezo wa kielektroniki wa Wii. La pili lilicheza karata na michezo mingine ya kawaida. Yote mawili yalipata nafuu, na Wii haikuonekana kuwa bora. Yamkini, basi, kifaa peke yake hakitoshi. Pana haja ya kujua iwapo akili ya mgonjwa imo katika zoezi.

2.0 Dhana ya Ushiriki
Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo. Hata hivyo, mtu aweza kushiriki mkutano huku akisinzia. Kitenzi 'zama' kina uzito zaidi, ila nacho kina upungufu: hakitaji mtu amezama katika nini. Aliyezama mawazoni yumo mkutanoni kwa mwili tu. Tofauti hii ndiyo kiini cha tatizo la upimaji.

3.0 Namna ya Kupima
Hans Berger, daktari wa Kijerumani, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka wa 1924, akachapisha matokeo yake mwaka wa 1929. Siku hizi elektrodi huwekwa juu ya ngozi ya kichwa, na mawimbi hupangwa kwa idadi ya mizunguko kwa sekunde: theta (4 hadi 8), alfa (8 hadi 13) na beta (13 hadi 30). Kwa jumla, beta huhusishwa na akili iliyo macho, ilhali alfa huongezeka mtu anapotulia na theta anaposinzia.

Mwaka wa 1995, Alan Pope na wenzake wa NASA walieleza kipimo kinachogawanya nguvu ya beta kwa jumla ya alfa na theta. Kilikusudiwa watu wanaofanya kazi na mitambo inayojiendesha, si wagonjwa. Kikihamishiwa katika tiba, kushuka kwake huchukuliwa kuwa dalili kwamba zoezi limemchosha mgonjwa, na mchezo ukabadilishwa.

4.0 Mipaka ya Kipimo
Kwanza, misuli ya taya na paji la uso hutoa umeme unaoingiliana na beta. Mgonjwa anayeuma meno kwa juhudi huweza kupandisha kipimo pasipo umakinifu kuongezeka. Pili, kiharusi chenyewe huzidisha mawimbi ya polepole karibu na sehemu iliyoumia. Kwa hivyo, kipimo cha chini huenda kikawa alama ya jeraha, wala si ya uvivu. Tatu, theta ya sehemu ya mbele ya ubongo huongezeka mtu anapokaza fikira. Isitoshe, sawa na kitenzi 'zama', kipimo hakisemi akili imeshughulishwa na nini: mchezo, maumivu au hofu ya kuanguka.

5.0 Hitimisho
Suala hili lina uzito mkubwa kwa mgonjwa aliyepoteza usemi, maadamu tarakimu humsemea. Tarakimu hiyo ikiitwa 'ushiriki', mgonjwa aliyejitahidi aweza kuhesabiwa kuwa mzembe. Inafaa kila mgonjwa alinganishwe na hali yake mwenyewe ya awali, na tarakimu iitwe 'kipimo cha shughuli ya ubongo'. Istilahi 'ushiriki' itumike pale tu ambapo mawimbi, mwendo wa mkono na kauli au ishara ya mgonjwa mwenyewe vinaafikiana.