Tundu, Uzito na Dole Gumba

Shika jembe kwa mkono mmoja pale mpini unapoishia, kisha linyooshe mbele yako. Sasa sogeza mkono hadi karibu na chuma, ulinyooshe tena vilevile. Jembe ni lilelile, uzito wake haujapungua hata gramu moja, ila mara ya kwanza kifundo cha mkono kililalamika na mara ya pili kikanyamaza. Kilichobadilika ni umbali kati ya kiganja na chuma. Katika fizikia uzito huzidishwa kwa umbali huo, na jibu lake huitwa momenti. Mpiga picha mwenye baridi yabisi huteswa na momenti kabla hajateswa na kilo.

Kamera yenye lenzi ndefu ni jembe lililoshikwa mwisho wa mpini. Mkono wa kulia unashika bodi, ilhali uzito mkubwa uko mbele, ndani ya lenzi. Chukua ile lenzi nyeupe ya Canon, milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8, unayoiona kwenye kila harusi kubwa. Toleo la mwisho la EF lina gramu 1,480 na urefu wa karibu sentimita 20. Tukikadiria kuwa kitovu cha uzito kiko katikati yake, yaani sentimita 10 mbele ya bodi, momenti inakuwa 1,480 mara 10, sawa na 14,800. Kando yake weka lenzi ya OM System ya milimita 40 hadi 150 yenye f/4, gramu 382, ambayo ikikunjwa ina urefu wa sentimita 10 hivi. Kitovu chake kiko sentimita 5 mbele: 382 mara 5 ni 1,910. Uzito wake ni karibu robo ya ule wa kwanza, lakini momenti yake ni karibu sehemu moja tu ya nane. Anayesoma gramu peke yake kwenye tangazo la duka amesoma nusu ya habari.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini watu wengi wenye maumivu huanza kutumia pesa mahali pasipo na faida. Mikono ikiuma, wanauza bodi kubwa na kununua ndogo, wanabaki na lenzi zilezile. Uzito wa bodi umo ndani ya kiganja, umbali wake na mkono ni kama hakuna, kwa hiyo momenti yake ni ndogo tangu mwanzo. Zaidi ya hapo, bodi nyembamba isiyo na mshikio wa maana hailazwi kiganjani. Inabanwa kwa ncha za vidole. Na kubana ndiko hasa kunakoumiza.

Kwa nini? Tuingie ndani ya mkono. Kwa watu wengi kiungo kinachochakaa mapema ni kile cha chini kabisa cha dole gumba, pale mfupa wake unapokutana na mifupa ya kifundo. Ncha ya dole gumba iko mbali na kiungo hicho, lakini kano zinazolivuta zinapita karibu nacho sana. Ni jembe lilelile tena, safari hii ndani ya mwili: ili ncha ibane kidogo, kano zilizo karibu na kiungo lazima zivute kwa nguvu kubwa, na mvuto wote huo unaikandamiza mifupa pale inapokutana. Mwaka 1977 watafiti Cooney na Chao walikokotoa kwamba mtu akibana kwa kani ya kilo 1 tu kwenye ncha, kiungo cha chini kinabeba wastani wa kilo 12. Ukibana bodi nyembamba kwa kani ya kilo 2 kwa saa nzima, unajua mwenyewe gegedu limebebeshwa nini.

Gegedu ni tishu ngumu yenye utelezi inayofunika ncha za mifupa. Halina mishipa ya damu, ndiyo maana likilika halijirudishii kama ngozi. Kuna wanaoumwa kwa sababu gegedu lao limelika kwa miaka, na kuna ambao kinga ya mwili wao inaushambulia utando wa ndani wa viungo hadi vivimbe. Hali hizi mbili hutibiwa tofauti. Mwenye vidole vilivyovimba mikono yote miwili, ambavyo asubuhi huchukua zaidi ya saa moja kulegea, aende kwa daktari kabla hajaenda dukani.

Turudi kwenye lenzi tuulize swali la kitoto: kwa nini ni nzito? Jibu liko kwenye tundu. Urefu wa fokasi ukigawanywa kwa namba ya f unapata upana wa tundu ambalo mwanga unapita. Lenzi ya milimita 600 yenye f/4 inahitaji tundu la milimita 150, na kioo cha mbele hakiwezi kuwa chembamba kuliko tundu lake. Kipande cha kioo chenye umbo lilelile kikiongezwa upana mara mbili kinakuwa kizito mara nane, maana kinakua kwa marefu, kwa mapana na kwa unene. Sentimita moja ya ujazo ya kioo cha kawaida ina gramu 2.5 hivi, na vioo vingine vya lenzi huzidi hapo. Plastiki ngumu ya kasha ina gramu 1.2. Ukiona lenzi nzito, jua umebeba kioo, na kioo kimefuata tundu.

Ushahidi upo madukani. Lenzi ya Canon EF ya milimita 600 f/4 ya mwaka 2018 ina gramu 3,050, na wakati ilipotoka ilisifiwa kwa wepesi. Mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ikatoa RF ya milimita 600 yenye f/11: gramu 930. Zote zinamleta ndege karibu kwa kiasi kilekile. Tundu la pili lina upana wa chini kidogo ya milimita 55, na eneo lake ni karibu sehemu moja ya nane ya la kwanza. Ulichokiacha dukani ni mwanga.

Hapo ndipo wauzaji wa kamera za kihisi kidogo wanapoingia na hadithi yao, na inafaa isikilizwe kwa makini. Mfumo wa Micro Four Thirds, ambao Olympus na Panasonic waliutangaza mwaka 2008, una kihisi cha milimita 17.3 kwa 13. Kihisi cha fulu fremu kina 36 kwa 24. Kwa kuwa kihisi ni karibu nusu kwa upana, lenzi ya milimita 300 inakupa picha uliyozoea kuipata kwa 600. Olympus walitoa ya 300 f/4 yenye gramu 1,270 bila mguu wake wa stendi. Muuzaji atakwambia umepata 600 f/4 kwa chini ya nusu ya uzito. Piga hesabu: 300 gawanya kwa 4 ni milimita 75. Tundu la 600 f/4 lilikuwa 150. Mwanga unaotoka kwa ndege unaingia kupitia tundu, wala haujui nyuma kuna kihisi cha aina gani. Kwa hiyo unakusanya robo yake, sawasawa na mwenye fulu fremu anayetumia 600 f/8. Mimi bado nauona mfumo huu kuwa mzuri kuliko yote kwa mikono yenye maumivu, kwa sababu lenzi zake ni fupi na momenti inashuka sana. Lakini mtu anunue akijua alichokilipia.

Kuna njia ya kupunguza kioo bila kuligusa tundu, nayo ina historia ya baharini. Mfaransa Augustin Fresnel alihitaji lenzi kubwa za minara ya kuongozea meli, ambazo zingeundwa kwa kioo kizima zingekuwa mzigo usiobebeka. Alitumia ukweli kwamba mwanga hupindwa kwenye uso wa kioo, na unene wa katikati haufanyi kazi. Akaukata unene, akabakiza duara za uso zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Lenzi yake iliwashwa kwenye mnara wa Cordouan mwaka 1823. Nikon walichukua wazo linalofanana, wakachonga duara nyembamba mno kwenye kioo kimojawapo cha lenzi ya kamera. Duara hizo hutawanya rangi kinyume na kioo cha kawaida hutawanyavyo, makosa ya pande mbili yanafutana, na vioo kadhaa vya kusahihisha havihitajiki tena. Lenzi yao ya 300 f/4 ya aina hiyo, iliyotoka mwaka 2015, ina gramu 755. Iliyoitangulia ilikuwa na 1,440 pamoja na mguu wake wa stendi. Tundu ni lilelile. Taa kali ikiingia kwenye picha utaona mng'ao wa ajabu kuizunguka, na bei si ya kila mtu.

Kwa wengine, basi, uchaguzi ni mwanga gani waukose. Hapa sisi wa karibu na ikweta tuna bahati ambayo vitabu vya upigaji picha vya Ulaya havikuihesabu. Kwetu jua linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Oslo, siku usiku na mchana vinapolingana, linapanda kwa mshazari na kupata nusu ya hizo. Kile kipindi cha mwanga hafifu ambacho f/11 hukikosa, Mikumi au Nairobi ni kifupi. Jua likishawaka vizuri, kanuni ya zamani ya wapiga filamu inasema: kwa f/16, kasi ya shata ni moja gawanya kwa ISO. Kwa f/11 na ISO 500 unapata sekunde 1/1000, inayomtosha tai aliye angani. Ndani ya msitu wa Amani, chini ya miti, hesabu inavunjika na lenzi hiyo haikufai. Teknolojia ya kutuliza mtikisiko inasaidia mkono unaotetemeka, lakini haimtulizi ndege.

Mpiga picha wa harusi ana dawa ambayo mwenzake wa mbugani hana: miguu. Badala ya 200 f/2.8 kutoka nyuma ya ukumbi, asogee na 85 f/1.8. Lenzi za namna hiyo huwa na gramu 370 hadi 470, na f/1.8 inakipa kihisi mwanga mara 2.4 zaidi ya f/2.8. Ndiyo, utaonekana, na mshereheshaji atakutania. Kwa simba sikushauri.

Baki na lenzi nzito ukiipenda, lakini usiibebe kwa mkono wa kulia. Kiganja cha kushoto kikiwa wazi chini ya kitovu cha uzito, kiwiko kikiegemea mbavu, momenti kwenye kifundo cha kulia inakaribia sifuri. Dole gumba la kushoto lilegee. Lenzi ilale, isikabwe. Garini, kifuko cha maharage dirishani hufanya kazi hiyo bila mkono kabisa. Kisafirishe kitupu, ukijaze sokoni Mto wa Mbu, na safari ikiisha maharage mpe mpishi. Harusini, mkanda unaopita begani na kifuani kimshazari ni bora kuliko wa shingoni, kwa kuwa muda mwingi kamera haiko jichoni, inaning'inia ikisubiri keki.

Dukani, usitosheke na kuishika kamera kwa sekunde chache. Omba uishike dakika tano, na lenzi ikiwa imefungwa. Zungusha pete ya kuvutia picha kwa siku ambayo vidole vyako vinauma, maana pete ngumu inabana dole gumba kila unapoizungusha. Kisha fungua lenzi na uirudishe: kitufe hubonyezwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukisokota, na kwa kiungo kilichochakaa hicho ndicho kitendo kibaya kuliko vyote. Kikikushinda, nunua lenzi moja ya kuvuta inayotosha siku nzima ya kazi, uifunge nyumbani, na isitoke hadi urudi.