Saratani ya Kichwa na Shingo Inapoufikia Ugwe wa Mgongo
Kijitabu cha elimu kwa wagonjwa na jamaa zao

1. Maradhi yenyewe

Saratani za kichwa na shingo ni zile zianzazo kinywani, kooni, katika zoloto, puani na nyuma ya pua. Na miongoni mwa sababu zake zijulikanazo ni tumbaku, ya kuvutwa na ya kutafunwa, ulevi, baadhi ya virusi, na tambuu yenye popoo, ambayo watu wa pwani tumeirithi kwa wazee wetu pamoja na madhara yake. Desturi ya maradhi haya, yakiisha kutoka yalipozaliwa, ni kushukia tezi za shingo kwanza, kisha mapafu, na pengine mifupa na ini. Kuuingia ugwe wenyewe, yaani ule mkanda laini wa neva upitao ndani ya pingili za mgongo na kuchukua amri za ubongo hadi miguuni, ni jambo nadra mno. Lililo karibu zaidi kutokea ni saratani kuishika pingili, nayo ikavimba au ikabonyea, ugwe ukabanwa mithili ya mpira wa maji uliokanyagwa.

2. Dalili zake

Aghalabu hutangulia maumivu ya mgongo au ya shingo, yasiyotulia kwa kupumzika, yazidiyo usiku mtu alalapo, na pengine yakizunguka kifua kama mshipi uliokazwa. Baadaye miguu huwa mizito, ganzi hupanda, na haja ndogo au kubwa huziba, au hutoka bila hiari ya mwenyewe. Wengi hudhani ni uchovu wa kazi au baridi yabisi. Na tabibu naye hana budi kupambanua hali hii na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu si kigeni, na athari za mionzi iliyopigwa shingoni zamani.

3. La kufanya

Aliyewahi kutibiwa saratani, azionapo dalili hizi, aende hospitali siku ile ile, wala asikandwe mgongo kwanza, na aeleze bayana maradhi yake ya awali hata kama miaka imepita. Kipimo kifaacho ni picha ya MRI ya uti wote wa mgongo. Hali hiyo ikithibiti, mgonjwa hupewa dawa za steroidi za kupunguza uvimbe, kisha tiba ya mionzi, ambayo kwa Tanzania hupatikana katika vituo kadhaa, ikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam; na baadhi ya wagonjwa hupasuliwa.

Tiba hii, hata isipoyaondoa maradhi, hutuliza maumivu na kuhifadhi nguvu zilizosalia. Afikaye hospitali akitembea kwa miguu yake, aghalabu huendelea kutembea. Afikaye amebebwa, ni shida kurudishiwa alichokwisha kupoteza.