Kutuliza Darasa Pasipo Kiboko

Mwalimu afundishaye katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Kaloleni, Bahati, Jericho, Dandora au Kayole, hana haja ya kuelezwa maana ya fujo. Mara nyingi darasa lake lina watoto 60 au zaidi, watatu wamebanana mahali pa wawili, na nje ya dirisha matatu zapiga honi. Ni haki yake kuuliza: kiboko kikiondoka, watoto hawa watatulizwa kwa njia gani?

Yafaa kwanza tufahamu sheria. Kanuni za mwaka 1972 ziliruhusu kiboko, lakini kwa mipaka: mwalimu mkuu ndiye aliyepiga, baada ya kuchunguza kosa, mbele ya shahidi, mapigo yasizidi 6, na habari yote iandikwe. Shule nyingi hazikuijali mipaka hiyo. Mwaka 2001 Serikali iliifuta ruhusa yenyewe, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 chakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa moyo pia. Mwenye kuvunja aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Katikati ya hayo, Januari 2003, karo ya shule za msingi iliondolewa, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia shuleni nchini kote. Basi mwalimu alinyang'anywa kiboko, na punde si punde akaongezewa watoto. Asiyeuona uzito wa jambo hili hajapata kusimama mbele ya ubao.

Hata hivyo, utulivu wa darasa hutengenezwa kabla ya kosa kutendeka. Tuchukue kazi ndogo ya kugawa madaftari. Mwalimu akiita majina 60, na kila mtoto akitumia nukta 10 kufika mbele na kurudi, dakika 10 zimepotea, na katika dakika hizo ndimo mnamozaliwa kusukumana, kunyang'anyana kalamu na matusi. Lakini akiyapanga madaftari kwa mistari, akampa kiranja wa kila mstari fungu lake, kazi hukwisha upesi na hakuna aliyepata nafasi ya kugombana. Kadhalika namna ya kuingia darasani, namna ya kuomba ruhusa, na la kufanya mtoto amalizapo hesabu zake mapema: haya yote yafundishwe katika juma la kwanza la muhula, yakarudiwe kama vile majedwali ya kuzidisha yarudiwavyo. Amri iliyobandikwa ukutani tu haimfundishi mtu.

La pili ni sifa. Mwaka 1968 wataalamu wa Marekani walichungua darasa la watoto wadogo waliopenda kusimama-simama. Walimu walipozidisha kusema "Keti chini!", waliosimama waliongezeka! Walipogeuka na kuwasifu walioketi wakifanya kazi, waliosimama walipungua. Sababu yake si ngumu: katika kundi kubwa mtoto hutamani kuonwa na mwalimu, na akiona ya kuwa huonwa akosapo tu, atakosa. Lakini sifa itaje tendo. "Umefungua kitabu kabla sijasema, vyema" ni sifa. "Mtoto mzuri" ni upepo. Wako wasemao ya kwamba sifa huwaharibu watoto. Sifa ya bure ndiyo iharibuyo.

Mwalimu wa Eastlands atahitaji pia kupima lililo kosa na lisilo kosa. Mtoto alelewaye katika chumba kimoja na ndugu watano huzoea kusema kwa sauti kuu, si jeuri. Akijibu kwa Sheng, lugha iliyokulia katika mitaa hii hii, si lazima awe anatukana. Achelewaye kila Jumatatu huenda alitumwa maji alfajiri. Aulizwe kando, kwa sauti ya chini. Mvulana wa miaka 13 akiaibishwa mbele ya wenzake, ama atajifanya shujaa, ama kesho hatakuja, na mtaa una kazi nyingi za kumpa mtoto asiyekwenda shule.

Je, haya yawezekana katika shule za kwetu? Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilipimwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Nusu yake zilifuata mpango wa kulea nidhamu bila kupiga. Katika shule zilizokuwa bado kuuanza, watoto 49 katika kila 100 walisema wamepigwa na watumishi wa shule juma lililopita. Katika zile zilizoufuata, 31. Kupiga hakukukoma, lakini kulipungua sana.

Yabaki mtoto asiyebadilika upesi. Hapo mzazi huitwa, naye mara nyingi husema, "Mchape tu, mwalimu, mimi nimekuruhusu." Ruhusa ya mzazi haiondoi sheria. Mwalimu amjibu kwa heshima, kisha amfungulie daftari aliloandika siku, saa, na jambo lililotangulia kila kosa. Wakilisoma pamoja huenda wakaona ya kuwa makosa karibu yote hutokea saa tano na nusu, kwa mtoto aliyetoka nyumbani bila chai.