Wageni Wanapokuja na Maji

Somo la kujadiliwa katika mkutano wa kikundi

Ndugu zangu wa vikundi, somo hili si la kusoma peke yako nyumbani. Lisomeni pamoja siku ya mkutano, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Mkifika kwenye igizo, simameni mliigize. Na wale wasiojua kusoma wapewe nafasi ya kusema kwanza, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaojua habari za maji kuliko sisi wenye kalamu.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita walikuja wanafunzi wa chuo kikuu kutoka ng'ambo, kumi na wawili, katika kijiji kimoja ninachokitembelea kikazi. Walikuwa vijana wazuri kweli. Walikaa wiki tatu, wakachimba mtaro pamoja na akina mama, wakalaza mabomba kutoka kwenye chemchemi, wakajenga tangi. Siku ya mwisho mbuzi alichinjwa, mfereji ukafunguliwa, maji yakatoka. Mama mmoja mzee alilia, nami karibu nilie.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, jua likiwa kali, maji yakakoma. Kumbe ni kipira cha valvu kilichokuwa kimekatika, kitu cha bei chini ya kuku. Lakini hapakuwa na mtu aliyejua kinauzwa wapi, wala kinaitwaje. Chumba cha valvu kilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa ameondoka nao kijana mmoja bila kujua. Nafikiri uko mfukoni mwake hadi leo. Akina mama walirudi mtoni kwa miezi saba. Katika miezi hiyo wasichana wawili waliacha shule ili wasaidie kuteka maji, na mmoja hakurudi tena.

Sasa, ni rahisi kuwalaumu wageni. Lakini barua ya kuwaalika niliiandika mimi. Niliandika shida ya maji, idadi ya watu, na umbali wa mto. Sikuandika hata mstari mmoja wa kuuliza, "Kikiharibika, nani atatengeneza?" Nao hawakuuliza. Wala mwenyekiti wa kikundi hakuuliza, kwa sababu aliona ni kukosa adabu kumuuliza mgeni aliyekuletea zawadi maswali kama hayo. Hapo ndipo somo letu la leo lilipo.

HABARI YA SAN PABLO

Kuna nchi ndogo inaitwa Belize, kule Amerika ya Kati, jirani ya Meksiko na Guatemala. Mwaka 2000 mwalimu mmoja wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, jina lake Bernard Amadei, alialikwa kwenda kuona kijiji cha San Pablo. Ni kijiji cha Wamaya, watu kama 250. Alikuta wasichana wadogo hawaendi shule kwa sababu kazi yao ilikuwa kubeba maji kutoka mtoni. Je, habari hii ni ngeni kwenu? Hapana. Hata ungebadilisha majina tu, ungedhani ni hapa kwetu.

Mwaka 2001 mwalimu huyo alirudi na wanafunzi wake. Hawakuleta injini ya dizeli. Walitazama kile ambacho kijiji kilikuwa nacho tayari: karibu na hapo kulikuwa na maporomoko ya maji. Basi wakatengeneza mfumo ambao nguvu ya maji yenyewe yanayoanguka ndiyo inayosukuma mengine hadi kijijini. Gharama ilikuwa kama dola 14,000. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2002 kikaanzishwa chama kinachoitwa Engineers Without Borders USA, yaani wahandisi wasiojali mipaka, na vyuo vikuu vingi vya Marekani vikajiunga.

Tazameni jambo moja hapa. Pampu ya mafuta ingewabidi watu wa San Pablo wanunue mafuta kila wiki. Wangeyanunua kwa miezi michache, halafu zingekuja siku za njaa, mashine ikalala. Maporomoko hayaombi pesa. Lakini hata mfumo usiotumia mafuta una sehemu zinazochakaa, na hapa ndipo watu hujidanganya. Hakuna maji ya bure. Yapo tu ya gharama kubwa na ya gharama ndogo.

Chama hicho baadaye kiliweka masharti. Kikundi cha wanafunzi kikikubali kijiji, kikae nacho angalau miaka 5, kwanza kikija kupima na kusikiliza, halafu kujenga, halafu kurudi kuangalia. Kijiji nacho kitoe sehemu ya pesa taslimu, si jasho tu. Wengine wetu tukisikia hivyo tunanuna: "Mbona maskini atoe pesa?" Mimi pia zamani nilisema hivyo. Lakini mtu aliyetoa shilingi zake mia mbili huja mkutanoni kuuliza zilikwenda wapi, na kikundi chenye watu wanaouliza hakilali.

MABOMBA YA MALAWI

Si kila hadithi ni ya San Pablo. Mhandisi mmoja wa Kanada, David Damberger, alisimama mbele ya watu mwaka 2011 akaeleza mambo aliyoyakuta Malawi. Kulikuwa na mradi wa maji ya mteremko uliojengwa kwa msaada wa Kanada. Kati ya mabomba 113 ya kutekea maji, 81 yalikuwa yamekauka, na mradi ulikuwa na mwaka mmoja na nusu tu! Kando yake palikuwa na mabomba mengine yaliyoharibika zamani, ya mradi wa Wamarekani uliojengwa kama miaka kumi kabla, karibu kwa mpango ule ule. Yaani mtu amejenga kaburi kando ya kaburi bila kuuliza wa kwanza alikufa kwa ugonjwa gani.

Chama chake, wale wahandisi wa Kanada, tangu mwaka 2008 kilikuwa kimeanza kuchapisha ripoti ya makosa yake chenyewe kila mwaka. Nawaheshimu kwa hilo. Ni vikundi vingapi vyetu vinavyoweza kusimama mbele ya baraza na kusoma orodha ya yaliyoharibika mikononi mwao?

AKINA MAMA WA KWALE

Tusidhani ujuzi wote uko ng'ambo. Hapa hapa Kenya, Kwale, mradi wa pampu za mkono ulianza miaka ya 1980. Shirika la KWAHO lilifanya kazi na wanakijiji wakati wahandisi walipokuwa wakijaribu pampu mbalimbali. Pampu nyingi za wakati huo zilikuwa nzito, za kutengenezwa na fundi wa serikali mwenye gari, na gari likikosa mafuta kijiji kinangoja miezi. Kutokana na majaribio ya Kwale na ya Malawi ikapatikana pampu inayoitwa Afridev, ambayo sasa imeenea nchi nyingi. Ilikusudiwa ifunguliwe na watu wa kijiji wenyewe, kwa spana moja tu na kifaa cha kuvulia vilivyo ndani. Vipira vyake na bushi hubadilishwa kabla havijaisha kabisa. Huvuta maji kutoka kina cha mita 45 hivi. Zaidi ya hapo inakuwa kazi ngumu.

Nguvu ya Kwale haikuwa chuma. Ilikuwa ni kamati. Akina mama, wengi wao Wadigo ambao hawakuwa wamezoea kusema mbele ya wazee, walifundishwa kutengeneza pampu, wakachangisha pesa, wakafungua akaunti benki. Mama aliyefunga pampu kwa mkono wake hangoji mtu wa kutoka ng'ambo.

IGIZO FUPI

Watu watatu: Mgeni (mwanafunzi), Mwenyekiti, na Mama wa kikundi.

MGENI: Habari zenu wazee na akina mama. Tumekuja kuwachimbia kisima. Tutaanza Jumatatu.

MWENYEKITI: Karibu sana mwanangu! Mungu akubariki. Chochote utakacholeta tutapokea.

MAMA: Samahani Mwenyekiti. Mwanangu, karibu. Nina swali. Utachimba wapi?

MGENI: Pale karibu na barabara. Gari linafika vizuri.

MAMA: Pale kiangazi hukauka. Tena chini yake ni choo cha shule ya zamani.

MWENYEKITI: Mama, usimwaibishe mgeni!

MAMA: Mzee, simwaibishi. Yeye ataondoka, na mimi ndiye nitakayekunywa.

Simamisheni igizo hapo. Muulizane: nani alikuwa na heshima, Mwenyekiti au Mama? Msikimbilie jibu. Katika vikundi nilivyofanya nalo, wazee huanza kwa kumtetea Mwenyekiti, halafu mama mmoja wa nyuma husema neno, na mazungumzo yanakuwa moto.

KAZI YA MWANAFUNZI NI IPI?

Kuchimba mtaro, hebu tuseme ukweli, kijana aliyekaa darasani miaka yote hawezi kumshinda mama wa hapa kwetu. Akichimba ni vizuri, mtafahamiana, mtacheka. Lakini asije kwa hilo. Mwanafunzi wa uhandisi ana vipimo. Anaweza kupima mteremko kutoka chemchemi hadi shuleni na kukuambia kama maji yatafika au hayatafika. Anaweza kuchora ramani ya mabomba. Anaweza kupeleka maji kwenye maabara. Hayo ndiyo mumwombe.

Na kupima maji ni jambo kubwa, maana maji meupe si lazima yawe safi. Sisi wa sehemu za Bonde la Ufa tunajua meno ya kahawia ya watoto wetu. Hiyo ni floraidi, madini yaliyomo ardhini. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua sufuriani lakini floraidi inabaki, kwa hivyo unazidi kuikoleza. Basi kisima kirefu kikichimbwa bila kupima, mnaweza kuepuka kipindupindu mkaharibu mifupa. Ombeni karatasi ya maabara, na muulize mtu awasomee kwa lugha mnayoelewa.

Jambo lingine: mwanafunzi husoma miaka minne hivi akamaliza. Atakayekuja mwaka wa tatu huenda si yule aliyepima mwaka wa kwanza. Kwa hivyo msiweke urafiki na kijana mmoja tu. Andikianeni na chama chake, na katibu aweke nakala ya kila barua, kila mchoro, na orodha ya vipuri pamoja na jina la duka linaloviuza katika mji wa karibu. Na ufunguo, tafadhali, ubaki kijijini.

Kuna sheria pia. Kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, na ofisi ya maji ya kaunti ijue. Kama chemchemi iko katika shamba la mtu, makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya jembe la kwanza. Mwenye shamba mwema leo ana mtoto atakayerithi kesho.

Pesa sasa. Tuseme mko nyumba 60, kila moja ikitoa shilingi 50 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka. Haitanunua pampu mpya, lakini kwa vipira na nauli ya fundi inatosha na kubaki. Anzeni kuchanga miezi sita kabla ya wageni kufika. Kama miezi hiyo mmeshindwa kuchanga bila maji, msitegemee kwamba mtachanga mkiwa nayo.

MASWALI YA KUJADILI

Katika kijiji chetu, ni miradi gani ya maji iliyokufa, na kila mmoja ulikufa kwa nini? Nendeni mkaione kwa miguu, msikae tu kivulini mkikumbuka. Nani kati yetu angeweza kujifunza kuifungua pampu, na kwa nini tumetaja wanaume kwanza? Wageni wakituuliza tunachotaka, je, maji ndiyo ya kwanza, au ni choo cha shule? Kamati yetu ya maji ikiwa na watu saba, akina mama watakuwa wangapi, na nani atashika kijitabu cha benki?

Katibu aandike majibu. Yale ya swali la kwanza yaandikwe kwenye karatasi kubwa yenye safu tatu: mwaka uliojengwa, mwaka ulioharibika, na kitu kilichoharibika. Ile niliyoitaja mwanzoni tuliiandika hivyo, miezi saba baada ya maji kukoma. Ilituchukua saa mbili. Wiki iliyofuata mama wawili walipanda matatu wakaenda mjini na kile kipira kilichokatika ndani ya mfuko wa karatasi, wakakionyesha duka hadi duka, na katika duka la nne wakakipata.